Kifuniko cha Sufuria na Shati la Shule

  Mulembe kwa mama anayesonga ugali sasa hivi, redio ikiwa dirishani, na kwa baba aliyeegesha pikipiki akingoja mvua ipungue. Mulembe tena kwa nyanya zetu, akina kukhu, maana wengi wenu ndio mnaolea.

Jioni ya leo nina swali moja, na nitalirudia mara kadhaa ili lisikutoke. Mtoto wako anapenda nini? Siulizi ulimnunulia nini Krismasi, wala siulizi watoto wa jirani wanapenda nini. Nauliza hivi: ukimwacha peke yake uani, bila mtu kumwita wala kumtuma, mkono wake unakwenda kushika kitu gani?

Likalie swali hilo kidogo, nami nikupe kisa.

Kwa miaka mingi nimefundisha watoto wenye mahitaji maalum, na kazi hiyo imenipitisha nyumba nyingi za huku kwetu Kakamega. Nyumba moja ilikuwa upande wa Shinyalu, karibu na msitu. Kulikuwa na mvulana wa miaka 7 mwenye usonji, ambaye hakuwa akizungumza. Kila asubuhi ilikuwa vita, na vita yenyewe ilikuwa ya shati la shule. Akiliona tu, anajitupa chini, anajigonga kichwa, analia mpaka majirani wanatoka nje. Mama yake alikuwa amejaribu peremende, akajaribu fimbo, akaomba na kufunga. Mimi nami nikaingia na gari dogo jekundu la plastiki nililolinunua sokoni, nikiamini nimeleta dawa. Mtoto akalishika, akaligeuza mara moja, akaliweka chini. Hakuligusa tena.

Tukiwa tumekaa hivyo, jikoni kikaanguka kifuniko cha sufuria. Mnajua ule mlio wa kifuniko kikizunguka sakafuni, unaanza polepole, halafu unakwenda mbio, halafu kimya. Yule mtoto aliinuka kama aliyeitwa jina. Alikimbia, akapiga magoti, akaweka sikio karibu na sakafu, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu niingie. Kufumba na kufumbua, mama akakinyakua kifuniko, akakiweka juu ya kabati. Akaniambia, "Hicho ndicho kinachomharibu, mwalimu. Akikipata hataki kitu kingine."

Hataki kitu kingine! Mama alikuwa analalamika, kumbe alikuwa ananipa jibu. Vifuniko vyote vya nyumba ile vilikuwa vimefichwa juu, kana kwamba vyenyewe ndivyo ugonjwa. Tukakishusha kimoja.

Kesho yake tuliweka kigoda, juu yake vitu viwili tu: shati upande huu, kifuniko upande ule. Tukasema maneno machache, "Kwanza shati, kisha kifuniko." Siku ile ya kwanza hatukutaka avae. Alipoligusa shati kwa kidole, papo hapo akapewa kifuniko. Akakizungusha, kikalia, kikanyamaza. Tukaanza tena. Siku zilizofuata kidole kikawa mkono, mkono ukaingia kwenye mkono wa shati, halafu kichwa, halafu vifungo. Kila hatua mpya ilipokuwa ngumu tulirudi nyuma moja. Hatukumaliza kwa wiki, wala kwa mwezi. Muhula wa pili ndipo shati lilipoingia mwilini bila kilio, na mama akakaa chini akalia yeye.

Sasa angalieni jambo moja kuhusu kile kifuniko, maana nadhani wengi hatulioni. Kifuniko kina mwisho wake. Kikizunguka kitasimama, na kikisimama zawadi imekwisha, hakuna aliyemnyang'anya mtu kitu. Linganisha na simu. Simu ukimpa mtoto, haina mwisho. Lazima wewe uivute mkononi mwake, na hapo umeanzisha vita ya pili ili kumaliza ya kwanza. Ndiyo maana nawaambia wazazi simu iwe zawadi ya mwisho kufikiriwa, hata kama ndiyo iliyo karibu zaidi na mkono.

Jambo hili tulilolifanya kwenye kigoda, ambalo wataalamu huliita tiba ya tabia, lina historia. Mwaka wa 1959 mwanasaikolojia Mmarekani, David Premack, alieleza kwamba lile ambalo kiumbe hulifanya sana kwa hiari yake linaweza kulivuta lile asilolipenda, mradi hili lisilopendwa litangulie. Wenzake huko Marekani wakaipa kanuni hiyo jina la utani, wakaiita kanuni ya nyanya. Wasikilizaji, si mnaona? Kukhu anayesema, "Teka maji kwanza, kisha nenda kwenye mpira," hakusoma kitabu cha mtu. Kilichoongezwa na wataalamu ni subira ya kuigawa kazi vipande vidogo, na nidhamu ya kutoa zawadi palepale.

Palepale. Nalirudia neno hili kwa kuwa hapo ndipo tunapokosea zaidi. Mtoto mdogo, au mtoto ambaye akili yake inakwenda kwa mwendo wake, hawezi kuunganisha shati la asubuhi na mandazi ya jioni. Akivaa saa moja na ukampa saa kumi, kwake hayo ni mambo mawili yasiyojuana. Zawadi ifuate tendo kama kivuli kinavyomfuata mtu. Na ulimi utaje tendo lenyewe. Usiseme tu "mtoto mzuri". Sema, "Umevaa shati!" Sema, "Umeketi ukala!" Ajue kilichokufurahisha ni kipi.

Basi nirudi kwenye swali letu. Mtoto wako anapenda nini? Na kabla hujafikiria duka, tembea nyumbani mwako kwa macho tu. Pale nje pana mtungi wa maji uliotoboka. Ugeuze juu chini, mpe vijiti viwili, huyo ni mpiga isukuti. Ngoma yetu ya isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, na mimi husema ulinzi unaweza kuanzia kwenye huo mtungi. Dakika 2 za kupiga, baada ya kunawa mikono. Pana bua la jani la mpapai, lina tundu katikati. Chovya kwenye maji ya sabuni, puliza, povu linapaa na watoto wote wa boma wanakuja mbio. Pana vibanio vya nguo kwenye kamba. Kuna wale wanaopenda kuvibana na kuvibanua mpaka jua litue. Pana tochi. Pana magunzi ya mahindi ya kupanga kama nyumba. Pana kuku, na hii ya kuku nimeiona ikifanya kazi pale ambapo vingine vyote vimeshindwa: mtoto anayepewa heshima ya kwenda kuokota yai, au kuwarushia kuku punje baada ya kumaliza kazi yake. Yai likiwa na joto mkononi mwake, muangalie uso.

Halafu kuna zawadi zisizoshikika. Kubebwa mgongoni hadi kwenye lango. Kurushwa juu na baba. Kufunikwa leso halafu kufunuliwa. Kuimbiwa wimbo wenye jina lake. Akina baba, wengi wenu hamjui kwamba nyinyi wenyewe ni zawadi. Mtoto anayengoja pikipiki yako isimame jioni anaweza kukaa kwenye choo, jambo ambalo alilikataa mwaka mzima, kwa ajili tu ya kukalishwa juu ya tangi la pikipiki iliyozimwa, ashike usukani.

Nimesikia wazee wakisema kumpa mtoto zawadi kwa kufanya analopaswa kufanya ni mambo ya kizungu. Kwa heshima, baba zangu, sikubali. Sisi Waluhya tunapochinja kuku tunajua firigisi, yaani imondo, ni ya nani. Haitupwi tu kwenye sahani yoyote. Inatolewa kwa anayestahili, wote wakiona, na anayepewa anajua ameheshimiwa. Kipande kidogo cha nyama, bei yake si kitu, ila kila mtu mezani anaelewa kinasema nini. Hiyo ndiyo zawadi katika tiba ya tabia. Uzito wake haumo kwenye bei.

Lakini hapa kuna mtego, na nataka tusimame kidogo. Kuna zawadi na kuna hongo, nasi Wakenya neno hongo hatuhitaji kufafanuliwa. Tuseme uko sokoni Kakamega mjini, mtoto amejilaza chini kwenye matope karibu na mama mboga, anapiga kelele, watu wanatazama. Aibu inakushika. Unanunua soda, unamtia mkononi, ananyamaza. Umempa nini? Umemfundisha kwamba matope na kelele huzaa soda. Wiki ijayo atajilaza mapema zaidi. Zawadi huahidiwa wakati wa utulivu na hutolewa baada ya tendo jema. Hongo hutolewa katikati ya fujo ili fujo ikome. Soda ni ileile, mtoto ni yuleyule, mama ni yuleyule. Kilichobadilika ni wakati tu, na wakati ndio somo lenyewe. Kwa hiyo kabla hamjaondoka nyumbani, mwambie: "Tukifika kwa mama mboga ukishika mkono wangu, utabeba nyanya." Kubeba mfuko wa nyanya ni zawadi kubwa kwa mtoto wa miaka 5, nimeiona.

Watoto wakubwa kidogo, wenye kuhesabu, wanaweza kungoja. Hao watafutie kikombe na vifuniko vya soda. Kila tendo jema, kifuniko kimoja kinalia ndani ya kikombe. Vikifika 5, anachagua jambo tulilokubaliana. Njia hii ilipata umaarufu pale Teodoro Ayllon na Nathan Azrin walipoanza kuitumia mwaka wa 1961 katika hospitali moja ya wagonjwa wa akili jimbo la Illinois, Marekani, wakiwapa wagonjwa wazima sarafu za bandia za kununulia walichotaka. Sisi hatuhitaji sarafu za bandia. Angalizo langu ni moja tu: kifuniko kilichokwisha kuingia kwenye kikombe hakitolewi kwa sababu umekasirika. Amekifanyia kazi, ni chake.

Na hapo hapo nizungumzie hatari, mnisikilize vizuri. Kuanzia mwezi wa tatu kila nyumba hapa ina mbegu ya mahindi. Ile mbegu iliyopakwa rangi, ya waridi au ya kijani, imetiwa sumu ya kuua wadudu na ukungu. Inapendeza macho, na nimewahi kuikuta kwenye kikombe cha mtoto ikitumika kama hesabu. Iondoeni leo. Maharagwe nayo huingia puani na masikioni mwa wadogo, kwa hiyo kwa mtoto anayetia vitu mdomoni tumia magunzi au vijiko. Karanga nzima zisipewe mtoto wa chini ya miaka 5, zinaziba koo. Chupa iliyokuwa na dawa ya ng'ombe au ya mimea si ngoma wala si kikombe, hata ukiiosha mara kumi.

Kuhusu chakula, nina msimamo na siuonei haya. Kuna wanaomnyima mtoto uji wa asubuhi ili kipande cha ndizi kiwe na nguvu ya kumvuta. Huo si ujuzi. Ugali wake, maji yake, usingizi wake na mapaja ya mama yake ni haki yake hata siku aliyokuvunjia vyombo vyote. Zawadi ni nyongeza juu ya hayo. Kipande cha muwa baada ya kazi, sawa. Lakini awe amekwisha kula.

Je, mtoto hatazoea, asifanye chochote bila kulipwa? Swali hili naulizwa kila mahali, na ni swali zuri. Mwaka wa 1973 watafiti watatu, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, waliwachukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora. Baadhi wakaahidiwa cheti wakichora. Siku kadhaa baadaye, wale walioahidiwa na kupewa cheti walikuwa wamepunguza kuchora kwa hiari yao kuliko wenzao. Kwa hiyo usimlipe mtoto kwa jambo analolipenda tayari, utamwibia mapenzi yake. Mlipe kwa lile lililo gumu kwake, na likianza kuwa rahisi, mpe mara moja moja, halafu libaki neno lako na tabasamu lako. Yule wa Shinyalu leo havai shati kwa ajili ya kifuniko. Anavaa kwa sababu ni asubuhi.

Niseme pia jambo zito kidogo. Tiba hii haikuzaliwa safi. Miaka ya 1960 huko California, Ivar Lovaas, ambaye jina lake linatajwa sana katika kufundisha watoto wenye usonji, alitumia chakula na sifa, lakini alitumia pia makofi na hata shoti za umeme. Leo watu wazima wenye usonji wanasimama na kusema waliumizwa na mafunzo yaliyolenga tu kuwafanya wafanane na wengine. Ninawasikiliza. Ndiyo maana kabla ya kuuliza zawadi iwe nini, jiulize unataka kubadilisha nini, na kwa faida ya nani. Mtoto akipunga mikono akifurahi, amemdhuru nani? Mwache apunge. Lakini kuomba maji badala ya kupiga kichwa ukutani, kusimama ukingoni mwa barabara ya Kisumu badala ya kuikimbilia, kumwonyesha mama mahali panapomuuma, hayo ni yake, yatamfaa hata sisi tukiwa hatupo.

Na fimbo? Shuleni ilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu. Lakini hata ukiiweka sheria kando, nimeona fimbo ikitumika kwa watoto hawa, na najua inachofundisha: inafundisha ni nani wa kuogopwa. Haijawahi kumfundisha hata mmoja namna ya kupitisha mkono kwenye shati.

Mtu asidhani kwamba nasema msitafute wataalamu. Kenya ina vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalum tangu 1984. Ulizeni kwenye ofisi ya elimu iliyo karibu nanyi. Hospitali yetu kuu ya kaunti pia mnaijua. Ila mtaalamu utamwona kwa saa moja, kisha unapanda matatu kurudi nyumbani na mtoto yuleyule. Shirika la Afya Duniani limeliona hilo, likatengeneza mafunzo kwa walezi wa watoto wenye ucheleweshaji wa ukuaji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yakiongozwa na watu wasio madaktari bingwa. Utafiti wa mafunzo hayo umefanywa Kenya na Ethiopia. Mlezi hufundishwa kutumia mchezo na shughuli za kawaida za nyumbani, kuosha vyombo, kufua, kula pamoja.

Sasa kazi ya leo usiku. Tandika gunia au mkeka. Weka vitu 5 kutoka nyumbani, kwa mfano kifuniko, kibanio, gunzi, tochi na kijiko. Mlete mtoto, kaa kimya kabisa. Alichokishika kwanza, mwache acheze nacho kidogo, kisha kiondoe, uone kinachofuata, hadi viishe. Mwaka wa 1996 Iser DeLeon na Brian Iwata waliandika kuhusu njia ya namna hii, na hadi leo inatumika kliniki. Rudia kesho na kesho kutwa, kwa kuwa mapenzi ya mtoto hubadilika, na kitu kilichotumika kila siku huchosha kama mboga ya aina moja.

Andika ulichokiona. Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutazungumza kuhusu mtoto asiyelala. Na mama, kama vifuniko vyako viko juu ya kabati, shusha kimoja.